Nimeacha kulipia muziki kila mwezi, hizi ndizo njia ninazotumia sasa (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu niliuahidi kwenye mjadala mwingine nikawa naukwepa, maana nilijua hautakuwa mfupi. Leo nimepata wasaa. Mwenye haraka ashuke chini moja kwa moja, mwenye nafasi avute kiti.

Kwa karibu miaka sita nimekuwa nalipia huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni. Jina silitaji, halina umuhimu. Sikuwa na ugomvi nayo: nabonyeza, wimbo unalia, nafanya kazi zangu. Kilichonizindua ni orodha yangu moja ya nyimbo 212 niliyoijenga taratibu kwa miaka yote hiyo. Siku moja naifungua nakuta majina kama thelathini yamegeuka rangi ya kijivu. Yapo, nayaona, ila nikigusa hayalii. Nikawaandikia. Wakanijibu kwa heshima kabisa kwamba mkataba wao na mwenye haki za nyimbo hizo umekwisha, hawana la kufanya. Hawakunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe kwamba orodha ile ni mali yangu.

Mwezi uliofuata kadi yangu ya benki ikaisha muda, malipo yakagoma, na zile nyimbo "nilizopakua" zikafungwa zote kwa mpigo. Hapo ndipo nikaelewa kwamba kupakua ndani ya programu ya aina ile si kupakua. Faili zinakuja zimefungwa kwa ufunguo, na ufunguo anao yeye. Siku ada ikikatika, simu yako imebeba uzito usiofunguka.

Nikakaa nikapitia historia yangu ya kusikiliza. Kwa mwaka mzima, nyimbo nilizozirudia zaidi ya mara tano hazikufika 400. Nilikuwa napanga ghorofa nzima nalala chumba kimoja.

Sasa wengi wakiuliza habari za mbadala wanataka jina moja la programu. Jina hilo halipo, msijisumbue. Huduma ya kulipia inafanya kazi tatu kwa pamoja: inakutunzia nyimbo unazozipenda, inakuonjesha usizozijua, na inakupigia chochote tu masikio yasikae kimya. Ukizitenganisha hizo tatu, kila moja ina njia yake, na karibu zote hazina ada ya mwezi.

Naanza na ile ya kwanza, kutunza, kwa sababu ndiyo yenye faida kubwa.

Hesabu kwanza. Faili ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, ambayo kwa masikio ya wengi wetu haitofautiki na CD, ni megabaiti 2.4 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 10. Memori kadi ya gigabaiti 128 inabeba nyimbo zaidi ya 12,000 za ubora huo. Ndiyo, elfu kumi na mbili. Upande wa pili, wimbo huo huo mmoja ukiusikiliza mtandaoni kwa ubora huo mara mia bila kuuhifadhi, umekula karibu gigabaiti nzima ya bando kwa wimbo mmoja tu.

Nyimbo zenyewe nimezitoa wapi?

Chanzo changu cha kwanza kilikuwa kabati. Nilikuwa na CD kama sabini kwenye boksi, nyingine nilirithi kwa kaka yangu. CD ni ya mwaka 1982, lakini sauti iliyomo ndani, biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, bado ndiyo kipimo ambacho huduma nyingi zinajivunia zikikupa "ubora wa juu". Nikanunua kisoma CD cha kuchomeka kwenye kompyuta, nikaweka programu ya Exact Audio Copy. Yenyewe haina haraka: pale CD ilipochubuka inasoma mahali hapo tena na tena mpaka iridhike, halafu inalinganisha matokeo na ya watu wengine waliowahi kunakili CD hiyo hiyo. Ikikuambia nakala ni sahihi, ni sahihi. Anayetumia kompyuta isiyo ya Windows, fre:ac inatosha.

Hifadhi kwa FLAC, msifanye kosa langu. Nilizinakili zote kwa MP3 ndogo ili kubana nafasi, baadaye ikabidi nirudie boksi zima. FLAC ilitoka mwaka 2001, ni ya bure na iko wazi, inabana sauti bila kutupa chochote. Wimbo wa dakika nne unaweza kufika megabaiti 25 au 30. Hiyo ndiyo nakala mama, inakaa kwenye diski nyumbani. Ya simu unaitoa humo ukiibana kwa MP3 au Opus, mtindo mwingine wa kubana sauti kama MP3. Kutoka FLAC kwenda MP3 unaweza kwenda muda wowote. Ukianza na MP3, kilichotupwa kimetupwa.

Chanzo cha pili ni kununua. Ndiyo, kununua, nawaona mnavyokunja uso. Bandcamp ndiyo ninayoipenda. Ilianza 2008, unanunua albamu mara moja, unaipakua kwa MP3, FLAC au chochote unachotaka, faili haina kufuli, na wao wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Wanamuziki wengi pale wanaacha bei wazi: lipa utakacho, na wengine wanakuruhusu kuandika sifuri. iTunes Store nayo ingali inauza nyimbo, na tangu 2009 haziwekewi kufuli. Watu wengi wamesahau kwamba lile duka bado lipo.

Chanzo cha tatu ni cha bure na halali. Internet Archive wana hazina ya matamasha ya bendi zilizoruhusu mashabiki kuzirekodi, Grateful Dead wakiwa maarufu kuliko wote. Kuna Free Music Archive, kuna Jamendo, humo wasanii wanatoa kazi zao kwa leseni za Creative Commons, yaani wenyewe wanaruhusu kazi zigawiwe bure kwa masharti yao. Nisiwapambe: ukiingia huko kumtafuta msanii anayevuma leo hutamkuta. Utakuta muziki wa ala, wa elektroniki, jazi, na watu wasiojulikana ambao mmoja kati ya kumi atakushangaza. Hao tisa wengine, vumilia.

Nitaendelea na redio pamoja na seva ya nyumbani. Kwanza nipumue.

#2 Mdau

Nakaa mbele kabisa. Mkuu, shusha nondo.

#3 Mdau

Mleta mada, yote haya ya nini? Kuna programu zilizochezewa, unapata kila kitu cha kulipia bila kutoa hata senti. Mimi mwaka wa pili huu.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3, nilijua utakuja, na nimewahi kupita huko huko, kwa hiyo sikuhukumu. Ila tuambiane ukweli. Programu hiyo hukuipata kwenye duka rasmi, imefunguliwa na mtu usiyemjua, akaingiza anachojua yeye, akaifunga tena, na wewe ukaipa ruhusa kwenye simu ile ile yenye ujumbe wa benki. Halafu kila baada ya miezi michache inakufa, unaanza kutafuta toleo jipya kwenye magrupu. Na hata ikifanya kazi, bado tatizo langu la mwanzo liko pale pale: nyimbo si zako, zikiwa kijivu kule na kwako zinakuwa kijivu. Tena msanii hapati kitu.

Na kwa kuwa umefungua mlango huo, niseme na lile la tovuti za kugeuza video kuwa MP3. Tuache sheria na masharti pembeni, tuseme ufundi tu. Tovuti inakuandikia "320" kwa herufi kubwa. Sauti iliyoko YouTube kwa kawaida ni AAC (nayo ni mtindo wa kubana sauti) ya kama kilobiti 128 au Opus ya kama 160. Ukichukua hiyo ukaibana upya kwa 320 umepata faili nene yenye sauti ile ile, tena imepungua kidogo kwa kubanwa mara ya pili. Maji ya nusu ndoo hayawi ndoo kwa kuhamishiwa kwenye pipa. Asiyeamini apakue programu ndogo ya bure inaitwa Spek, afungue faili yake aone picha ya sauti. Faili ya kweli ya ubora wa juu inapanda mpaka karibu kilohezi 20, kule kwenye sauti nyembamba kabisa. Ya ujanja mara nyingi inakatika kama imekatwa kwa rula kwenye 16.

#5 Mdau

Nimefungua Spek mara moja. Nyimbo zangu kama mia mbili za "320" zote zimenyolewa upara. Sijui nicheke au nilie.

#6 Mdau

Naomba niseme kama mtu anayetengeneza muziki. Siko maarufu, nina wasikilizaji wachache waaminifu.

Wengi wanadhani ukilipa ada yako ya mwezi na ukanisikiliza mimi tu mwezi mzima, pesa yako inakuja kwangu. Hapana. Kwenye huduma nyingi pesa zote zinamwagwa kwenye chungu kimoja, zinagawanywa kwa sehemu ya kila mmoja kwenye usikilizaji wote. Wewe umenisikiliza mimi, pesa yako imeenda kwa anayesikilizwa na dunia. SoundCloud walianza mwaka 2021 kugawa kwa namna nyingine kwa baadhi ya wasanii, pesa ya msikilizaji imfuate anayemsikiliza. Na Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kwenye mgao kabisa. Nyimbo zangu kadhaa zimeangukia huko.

Kwa hiyo mtu mmoja akininunulia albamu moja kwa hiari yake, kwangu mimi ni zaidi ya kunipigia kwenye spika mwaka mzima. Sisemi mwache kusikiliza huko, kule ndiko watu wanakonigundua. Nasema tu njia ya pesa ilivyo.

#7 Mleta uzi

Asante sana dada/kaka wa #6, umenena kuliko nilivyoandika mimi aya zote zile. Na Bandcamp wana zile Ijumaa zao tangu Machi 2020, siku ambazo wanaachia sehemu yao yote iende kwa msanii. Hazitokei kila Ijumaa, zinatangazwa. Mimi naweka majina kwenye karatasi, siku ikifika nanunua kwa mkupuo.

#8 Mdau

Mimi shida yangu si kupata nyimbo, ninazo nyingi tangu zamani. Shida ni fujo. Nusu zinaitwa "Track 01", msanii "Unknown". Nyingine zina jina la tovuti badala ya jina la wimbo. Nikifungua simu nachoka kabla sijasikiliza.

#9 Mleta uzi

Mkuu wa #8, karibu kwenye ugonjwa ulionikondesha.

Dawa yake inaitwa MusicBrainz Picard, ni ya bure. Haihangaiki na jina la faili, inausikiliza wimbo wenyewe, inatengeneza alama yake kama alama ya kidole, inakwenda kuuliza kwenye hifadhi ya MusicBrainz wimbo wenye alama hiyo ni upi. Faili yako iliyoitwa "Track 07" inarudi na jina, msanii, albamu, mwaka na picha ya jalada. Mara ya kwanza kuona nilihisi mazingaombwe.

Sasa sikiliza kilichonipata. Nilikuwa na faili 900. Nikaziburuta zote kwa pamoja, nikasubiri, nikaona rangi za kijani zinajitokeza, nikabonyeza kuhifadhi bila kuangalia. Saa sita usiku. Asubuhi nakuta albamu moja ya tamasha yenye nyimbo 14 imesambaratishwa kwenye albamu 11 tofauti. Wimbo wa kwanza umepelekwa kwenye mkusanyiko wa nyimbo bora, wa pili kwenye toleo la nchi nyingine, wa tatu umepewa jina la toleo la studio wakati ni wa jukwaani, nasikia kabisa watu wanapiga makofi. Kosa halikuwa la programu. Wimbo mmoja unaweza kuwa umetoka kwenye albamu ishirini, nayo itachagua moja. Ni wewe wa kuiambia ipi.

Kwa hiyo: albamu moja moja. Buruta folda moja, itafute albamu upande wa kulia, hakikisha idadi ya nyimbo inalingana, ndipo uhifadhi. Na kabla ya yote weka nakala ya folda zima pembeni. Mimi nilimaliza faili zangu kwa wiki tatu, nusu saa kila jioni, na sitanii nikisema zilikuwa jioni nzuri. Nilikutana na nyimbo nilizosahau kwamba ninazo.

Kwa marekebisho madogo ya mkono, Mp3tag ni nyepesi zaidi.

#10 Mdau

Na kwenye simu unatumia kitu gani kuzicheza? Nina Android.

#11 Mleta uzi

Musicolet. Haiombi hata ruhusa ya intaneti, kwa hiyo haina tangazo wala haina wa kumpelekea habari zako. VLC nayo inacheza chochote utakachoipa. Watu wa iPhone: VLC ipo, foobar2000 ipo pia. Poweramp ni ya kulipia mara moja tu, wanaopenda kuchezea besi wanaisifia.

Washa na ReplayGain kama programu yako inayo. Ni ile kitu inayosawazisha sauti ili wimbo wa mwaka 1975 usikulazimishe kupandisha sauti halafu wa 2015 ukupasue masikio.

#12 Mdau

Tatizo la njia hii mleta mada ni moja, nalo umelikwepa. Utajuaje nyimbo mpya? Huduma ya kulipia inanijua kuliko mke wangu. Kila wiki inaniletea vitu ambavyo nisingevitafuta. Faili zako za FLAC zitakuletea nini zaidi ya vile ulivyonavyo?

#13 Mleta uzi

Swali zuri, na sijalikwepa, nilisema napumua.

Jibu langu ni redio, na msicheke. SomaFM ya San Francisco iko hewani tangu 2000, ina chaneli zaidi ya thelathini, matangazo ya biashara hakuna, inaishi kwa michango ya wasikilizaji. Radio Paradise nayo ni ya mwaka huo huo na kwa mtindo huo huo. Nyimbo pale zinachaguliwa na binadamu. Tofauti unaisikia siku ya pili tu: mashine inakupa kinachofanana na ulichopenda jana, mtu wa redio anakutoa kwenye blues anakuingiza kwenye wimbo wa filamu wa zamani na wewe unakubali, kwa sababu kuna uzi unaoziunganisha ambao mashine haiuoni. Kuna na Radio Garden, ile yenye picha ya dunia. Unaizungusha kwa kidole, kila nukta ni kituo, unagusa unasikiliza. Redio ya kilobiti 128 inakula megabaiti kama 58 kwa saa, si nyingi.

Ninachofanya: daftari. Nikisikia kitu nikakipenda naandika jina. Jumamosi napitia, ninaosikiliza mara ya pili nikaupenda bado, natafuta pa kuununua. Mingi haivuki Jumamosi.

Ila wewe wa #12 kama kweli unasikiliza vitu vipya kila wiki, endelea kulipia. Sisemi kwa kejeli. Njia yangu ni ya mtu anayerudia nyimbo zake. Kuna rafiki yangu anafanya nusu kwa nusu: analipia mwezi mmoja, anasikiliza kama mwendawazimu, anakusanya majina, anasitisha. Anarudi baada ya miezi mitatu minne. Kwake inatosha.

Kabla hujasitisha lakini, toa orodha zako humo ndani. Soundiiz au TuneMyMusic zinakutolea majina yote kwenye faili ya maandishi. Sitishi kwanza ndipo utoe, utajuta.

Samahani, namaanisha: USISITISHE kwanza. Toa, ndipo usitishe. Nimeandika haraka.

#14 Mdau

Muziki wa kale wa Ulaya je? Beethoven na wenzake wamekufa zamani, si ni bure wote?

#15 Mdau

Niruhusuni nimjibu wa #14, hapa watu wengi wanateleza.

Wimbo una haki mbili. Kuna haki ya aliyetunga, na kuna haki ya aliyerekodi. Beethoven alifariki 1827, tungo zake ni za kila mtu. Lakini okestra iliyorekodi simfoni yake mwaka jana ina haki juu ya rekodi hiyo. Kwa hiyo noti za muziki, yaani tungo kwenye karatasi, ni bure, sauti iliyorekodiwa si lazima. Musopen walianzishwa kwa ajili ya pengo hilo hilo, wanatafuta rekodi zilizoachiwa huru na kuziweka pamoja. IMSLP, maktaba ya mtandaoni, wana noti kwa wingi na rekodi kiasi.

Kwa Marekani, rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 ziliingia kwenye mali ya umma tarehe 1 Januari 2022. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyiko wa santuri za zama hizo, National Jukebox. Zinakwaruza kama mtu anakaanga kitu pembeni ya maikrofoni, lakini unasikia watu walioimba kabla maikrofoni ya umeme haijaanza kutumika studio, wakiimbia ndani ya pembe la bati. Sheria za nchi nyingine zina miaka yake, kwa hiyo angalia ya kwako.

#16 Mdau

Mleta uzi umeahidi seva ya nyumbani. Bado tupo.

#17 Mleta uzi

Nipo.

Hii ni ya wale ambao nyimbo hazitoshi kwenye simu, au nyumba ina watu wanne na kila mmoja anataka zake. Inaitwa Navidrome. Unaiweka kwenye kompyuta yoyote isiyozimwa, hata ile ndogo ya Raspberry Pi inaimudu, unaionyesha folda ya muziki, basi. Unafungua kwenye kivinjari unakuta majalada ya albamu yamepangwa kama huduma ya kulipia. Kwenye simu unatumia programu yoyote inayoongea lugha ya Subsonic, ile ambayo Navidrome inaitumia kuzungumza na programu za simu. Nimeweka yangu kwenye laptopu yenye kioo kilichovunjika, imekaa juu ya kabati mwaka na nusu.

Wenye video pia watumie Jellyfin, inabeba vyote viwili.

Onyo moja tu, na hili nalisema kwa msisitizo: usiifungulie seva yako mlango wa intaneti nzima kwa sababu umeona mtu kwenye video anafanya hivyo. Ukitaka kuisikiliza ukiwa nje, pita kwenye njia ya faragha kama WireGuard au Tailscale. Siku nilipofungua mlango wangu kwa majaribio, ndani ya saa chache kumbukumbu za seva zilikuwa zimejaa majaribio ya kuingia kutoka kwa watu nisiowajua. Wanapita nyumba kwa nyumba usiku wanatikisa vitasa.

Na kama haya yote unaona ni mzigo, Syncthing inatosha. Folda ya kompyuta na folda ya simu zinafanana zenyewe kila zikikutana kwenye waifai ya nyumbani. Hakuna seva, hakuna akaunti.

Halafu nakala ya akiba. Myspace walikiri mwaka 2019 kwamba wakati wa kuhamisha seva walipoteza nyimbo zilizopandishwa huko kati ya 2003 na 2015. Zaidi ya milioni 50. Kuna wanamuziki ambao nakala pekee ilikuwa ile. Kampuni kubwa, wahandisi wa kutosha, na bado. Sasa wewe na diski yako moja unajiamini nini? Diski mbili, na moja isikae nyumba moja na mwenzake.

#18 Mdau

Mkuu nimekwama. Nimenunua memori kadi mpya, nimehamisha nyimbo zote vizuri, zinacheza. Lakini orodha zangu zote zimekuwa tupu. Zinafunguka, hakuna kitu ndani.

#19 Mleta uzi

Hiyo dakika tano tu. Orodha ya nyimbo ni faili ya maandishi ya kawaida yenye mwisho wa .m3u. Ifungue kwa programu yoyote ya kuandikia, utaona mistari ya namna hii:

/storage/1A2B-3C4D/Muziki/Albamu/03 Wimbo.mp3

Hayo maherufi ya katikati ni kitambulisho cha kadi ya zamani. Kadi mpya ina kitambulisho chake, kwa hiyo orodha inapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Suluhisho la kudumu: ihifadhi faili ya orodha ndani ya folda ya Muziki yenyewe, kisha tumia "tafuta na badilisha" ufute kila kitu mpaka baada ya "Muziki/". Mstari ubaki:

Albamu/03 Wimbo.mp3

Hapo hata ukihamia kadi ya kumi, orodha itafuata.

Ila ngoja, umesema kadi mpya. Ya ukubwa gani, na umeipima?

#20 Mdau

Gigabaiti 512. Kuipima vipi? Simu inasema 512.

#21 Mleta uzi

Simu inasema ilichoambiwa. Kuna kadi zimepangwa kudanganya ukubwa wake. Unazijaza, hazilalamiki, zikifika mwisho wa uwezo wao wa kweli zinaanza kuandika juu ya vilivyotangulia au zinatupa tu. Majina ya faili unayaona yote, ndani hamna kitu. Niliwahi kupoteza albamu arobaini hivyo, na nikaja kugundua baada ya miezi miwili, kwa sababu zilizoharibika zilikuwa za herufi ambazo huwa sizifikii mara kwa mara.

Kwa Windows tumia H2testw, kwa Linux na Mac tumia F3. Inajaza kadi yote kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kwa ukubwa huo itachukua saa kadhaa, iache usiku. Kadi iwe tupu kwanza. Na usifute nyimbo kwenye kadi ya zamani.

#22 Mdau

Kadi ya zamani nimempa mdogo wangu jana. Ngoja nimpigie.

#23 Mdau

Mrejesho. Mdogo wangu alikuwa hajaifuta, Mungu mkubwa. H2testw imemaliza asubuhi hii: kati ya gigabaiti 512, zilizo za kweli ni 29. Nyimbo zilizokuwa "zinacheza vizuri" ni zile za folda za mwanzo tu, nilijaribu A na B nikaridhika. Kadi nairudisha leo, boksi na risiti ninavyo.

Orodha nimezirekebisha, zinalia.

#24 Mleta uzi

Piga picha ya matokeo ya H2testw kabla hujaenda, uwaonyeshe. Bila hiyo watakuchomekea kwenye simu yao, itasema 512, na utaonekana mkorofi.

#25 Mdau

Nimepiga. Naondoka sasa hivi.